Watu Watano kwenye Sinia

Bi Nunu wa Malindi, fundi cherehani mstaafu, hakuwa mtu wa picha. Lakini mwezi ule alishazuru nyumba mbili za maonyesho ya picha, zote za wanawake wasiofundishwa kuchora, na kila alipokwenda alitoa makosa bila ya kuombwa. Mjini alimwambia bawabu kwamba paka ana miguu mitano. Kule Bwejuu alisema birika limeushinda mlango kwa ukubwa, limeingiaje ndani? Wakamdhania mkaguzi.

Alichokuwa akikitafuta hakumwambia mtu. Miaka tisa nyuma, mchana wa Idd, mdogo wake Basma alileta picha yake ya kwanza, na Bi Nunu akacheka mbele ya watu: "Ala! Hata mtoto mdogo wa chuoni hachori hivi!" Basma akajibu, Bi Nunu akajibu zaidi, kisha akachukua buibui lake akatoka, chakula hakijapakuliwa. Hawakusemezana tena. Basma akawa huko kwa mumewe Uroa, anachora, mpaka akafariki Rajabu iliyopita.

Matangani kaka yao Saud alisema, "Idd ile kaichora. Sote tumo." Bi Nunu hakuthubutu kuuliza kama na yeye yumo. Na picha za marehemu, watoto wake walishazigawa, moja hapa, moja kule.

Ndiyo akafika Uroa. Mwangalizi wa nyumba ya picha, Bi Mwanapili, Mtumbatu asiye na maneno mengi, alikuwa mlangoni anapeta mchele.

"Hodi."

"Karibu. Viatu nje."

Picha aliikuta kwenye ukuta wa ndani. Sinia la biriani kubwa kuliko mkeka wenyewe, na waliolizunguka ni mama yao, Saud na kichwa kisichopita dirishani, mkewe Asila, mdogo wao Samir, na Basma mwenyewe. Bi Nunu akahesabu. Akahesabu tena kwa kidole. Kikaratasi cha chini nacho kilisema: Familia ya watu watano, Sikukuu.

"Kanitoa," alisema. "Basi. Nlijitakia mwenyewe."

Machozi yakamlengalenga, akasingizia vumbi.

"Nshafagia mara mbili leo," alisema Bi Mwanapili.

Bi Nunu akageuka aondoke, lakini jicho la fundi halitulii mpaka lipate kosa. Mkono wa Basma ulikuwa na vidole sita. Tena haukuwa kwenye sinia kama mikono ya wenziwe. Ulikuwa pembeni, umekandamiza kawa la ukili, jekundu na kijani, na chini yake sahani inachungulia. Samir keshaunyoosha wake wa pili kuiendea sahani, mdoezi yule, lakini Basma hakubanduka.

Kwao, asiyekuwepo huwekewa chakula, kikafunikwa kawa, na hakiguswi mpaka aje mwenyewe.

Bi Nunu akakaa sakafuni akalia kwa sauti, kama msiba umemfikia siku ile. Bi Mwanapili akaendelea kupeta.

"Nani kaandika kikaratasi hiki?" Bi Nunu aliuliza alipopata pumzi.

"Mwenye hoteli, ndiye mwenye nyumba hii. Mgeni yule."

"Hajui kuhesabu."

Akatoa kalamu mkobani, akapiga mstari juu ya "watano", akaandika "sita".

"Una ruhusa wewe?"

"Chakula changu kile," alisema Bi Nunu.