Waya Niliyoifunga kwenye Seng'enge

Admin, tafadhali usiweke hata herufi moja ya jina langu, maana watu wa Boito watanijua mara moja. Mimi ni mzee wa miaka hamsini na saba, nina mke na watoto wanne, na kanisani wananiita mtu wa kutegemewa. Wangenijua vizuri wasingeniita hivyo.

Mwaka wa tisini na tisa nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ya shamba kubwa la chai upande wa Kericho. Ofisi iliponunua vifaa vipya, nilipewa kompyuta mbili na ruta kuukuu, kile kisanduku cha kugawia kompyuta mtandao. Nilitembea kijijini kifua mbele! Kompyuta moja niliiweka kwangu, palipokuwa na laini ya simu. Ya pili niliipeleka kwa mdogo wangu, nitamwita Kiprono, mwalimu aliyetaka kuchapa mitihani na kusoma barua pepe. Kati ya nyumba zetu palikuwa na shamba letu la majani chai, hatua kama tisini. Ruta ilikaa kwangu, nikavuta waya mpaka kwake.

Mkubwa wangu kazini alinionya. "Waya ya nje chimbia chini, na mawingu yakikusanyika chomoa kila kitu." Nilimwelewa, kwa sababu kwetu radi ni mgeni wa kila alasiri. Lakini kuchimba katikati ya mashina ya chai ni kazi ya punda. Nikaifunga waya juu ya seng'enge ya ng'ombe kwa vipande vya tyubu. Kiprono akaniuliza, "Na mvua ikikuja?" Nikamcheka. "Mwalimu mzima unaogopa mvua? We chapa mitihani yako."

Miezi miwili mambo yalikwenda sawa. Jumamosi moja nilikuwa kituoni, kwenye foleni ya kupima majani ya chai yetu, mbingu ikawa nyeusi. Nikakumbuka kwamba sijachomoa chochote. Nyumbani ni dakika kumi tu. Nikasema moyoni, acha kwanza nipimiwe, nisipoteze nafasi. Radi ikapiga nikiwa bado kwenye foleni.

Nilimkuta Kiprono sakafuni kando ya kompyuta, mkono umeungua, mkewe Chebet akimwita kwa jina. Alikuwa ameshakufa. Na mimi, badala ya kumlilia ndugu yangu, nilitoka nje nikaing'oa ile waya iliyoungua na kuitupa chooni kabla majirani hawajafika. Hili sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu.

Wazee wakakaa. Mmoja akasema, "Radi haipigi mtu bure. Hii ni chubisiet, ni laana, na imeletwa na huyu bibi." Wakakumbuka kwamba babake Chebet, kule Londiani, aliwahi kugombania mpaka na jirani na kula kiapo kilichosemekana kuwa cha uongo. Mama yangu mzazi akamfukuza Chebet na mtoto wa miezi minane mgongoni. Nilikuwa nimeketi pale pale, nikatazama viatu vyangu.

Mtoto huyo sasa ni nesi na amepata mchumba. Mwezi ujao ni koito, siku ambayo wazee wa pande mbili hukutana na kuulizana habari za ukoo kabla ya ndoa. Wazee wa mchumba wamesikia habari ya radi, na wameshasema hawachukui msichana wa nyumba yenye laana. Nikisema ukweli, mama yangu, ambaye bado yu hai, atajua nani alimuua mwanawe, na Chebet atajua kwamba ameteseka miaka hii yote kwa sababu ya uvivu wangu. Nikinyamaza, ndoa imekufa.

Kwa kuwa Kiprono hayupo, anayepaswa kumsemea msichana ni mimi. Wiki iliyopita Chebet alinipigia simu.

"Shemeji, uje usimame na mtoto. Kwenu wote, ni wewe peke yako hukuwahi kunisema vibaya."

Nikamjibu kwamba nitakuja. Ndugu zangu, nishaurini: nikisimama mbele ya Chebet siku hiyo, nianze na neno gani?