Tulidhani Saru Anatoka Jasho

Harufu ya mafuta ya kujipaka yaliyoyeyuka juani ndiyo Kaloleni ninayoikumbuka, hapa Voi. Tulikuwa tumeshuka kutoka Mwanda kwenye ukungu, mwaka nilioingia darasa la tano, na mama alikuja na desturi zake zote za mlimani: mtoto apakwe mafuta hadi ang'ae, watu wasiseme hatunzwi, na mwenye homa afunikwe blanketi, jasho limtoke, apone. Mdogo wangu Saru, kitinda mimba wetu, akawa anashikwa na homa karibu kila mchana. Tulilaumu mbu, tukalaumu maji, tukalaumu hata macho ya majirani.

Siku hiyo mama alimvisha sweta, akamfunika blanketi. Paji la uso likang'aa. "Jasho hilo limeanza, Mungu ni mwema," mama akasema. Haki ya Mungu, nami nilifurahi! Punde Saru akageuza macho, akaanza kutetemeka mwili mzima. Tulimkimbiza hospitalini, mimi nikilia njia nzima.

Daktari alimvua nguo, akammwagia maji, akawasha feni. Saru alipofumbua macho, daktari alimpangusa paji kwa pamba, akaniambia niiguse. Ilikuwa inateleza. Akapangusa shingo yangu: maji matupu.

"Mama, ngozi ina tezi za namna mbili," alisema. "Za jasho hutoa maji yenye chumvi, yakikauka mwili unapoa. Za mafuta hulainisha ngozi na nywele, basi, joto haziliwezi. Huyu za mafuta anazo. Za jasho ni kama hana."

"Lakini si alikuwa anang'aa!"

"Ni mafuta, mama. Yake, na hayo uliyompaka."

Mama aliketi sakafuni puu. "Yesu wangu! Kumbe nilikuwa namkaanga mwanangu mwenyewe!" Usilolijua ni usiku wa giza, wanasema, lakini kwetu ulikuwa mchana peupe na tulikuwa tunamtazama.

Siku hizi mambo haya yako kwenye simu ya kila mtu, hata kwamba mtoto anaweza kuirithi hali hiyo kwa mzazi. Saru alirudi Mwanda, analima, na kitambaa kibichi hakimtoki begani. Majuzi nilipanda kumwona mtoto wake wa kwanza. Nilimkuta amempakata karibu kabisa na jiko linalowaka, mtoto analia, mkono wa Saru uko kisogoni mwake. Nilishtuka, nikataka kumnyang'anya.

"Ngoja, dada," akasema.

Akautoa mkono, akalamba kidole.

"Chumvi," akasema, kisha akaangua kilio.