Mume Wangu Alihamishwa Dawati Akanyamaza, Sasa Binamu Yangu Yuko Rumande

Admin, ficha jina langu na kituo ninachofanyia kazi. Nina miaka arobaini na minne, ni mwanahabari wa redio hapa Kitale, nimeolewa na nina watoto wawili. Nimezoea kueleza shida za wengine. Leo ni zangu.

Mume wangu ni polisi wa kupambana na ugaidi. Kwa wasiojua, kazi hiyo imegawanywa. Kuna wanaokusanya habari, kuna wanaokamata na kupeleka kesi kortini, na kuna dawati la kuzuia, ambalo huzungumza na wazazi na vijana ili aliyeanza kuvutwa na magaidi arudishwe nyumbani mapema. Mume wangu alikuwa dawati la kuzuia. Nilihudhuria mkutano wake na wanafunzi kule Kibabii. "Mimi si mtu wa pingu," aliwaambia. "Njooni tuongee." Nilijivunia.

Shangazi yangu, tunayemwita senge, anaishi Tongaren. Mwanawe, nitamwita Barasa, ana miaka ishirini na miwili. Alidanganywa mtandaoni kuwa kuna kazi, akasafiri hadi karibu na mpaka wa Somalia. Alipoelewa kuwa ni kazi ya magaidi, alitoroka, akajificha Uganda kwa fundi wa viatu. Akampigia mama yake simu akilia. Senge alinieleza mimi kwa sababu ya kazi ya mume wangu.

Nilienda na mume wangu Tongaren. Senge alichinja jogoo, na kama ilivyo kwetu, mkwe akawekewa firigisi.

"Kula, mkwe. Umekonda hivi, ama serikali inawapea maharagwe peke yake?"

"Senge, hata hiyo maharagwe wakubwa wanamaliza."

Tulicheka wote. Kisha mume wangu akasema, "Mwambie kijana arudi. Akija mwenyewe tutaongea naye, aandikishe maelezo, alale kwa mama yake."

Senge akanigeukia. "Wewe mtoto wa ndugu yangu, ni ukweli?"

Nikamwambia ni ukweli, hivyo ndivyo dawati lao hufanya.

Barasa alirudi Jumamosi. Alikuwa bado anakunywa uji wakati magari mawili yalipoingia uani. Mume wangu ndiye aliyeshuka wa kwanza, na ndiye aliyemfunga pingu. Senge alisimama na kata ya uji mkononi, akimtazama mkwe wake.

Tulipofika na senge kituo cha polisi Bungoma kumuulizia, Barasa alikuwa ameshapelekwa Nairobi. Afisa mmoja ninayemfahamu kikazi alinishangaa. "Kwani hukujua? Mzee wako alihamia upande wa kukamata kitambo, kabla ya Krismasi."

Maana yake ni kwamba siku ile ya jogoo, tayari alikuwa upande huo.

Nilimkuta nyumbani akipiga pasi shati la kazi. "Mbona hukuniambia umehama?"

"Ningekuambia, huyo kijana angekuja?" Hakuinua macho. "Mama Sifa, kila dawati na kazi yake. Si wewe ndiye unafafanuliaga watu hiyo kitu kwa redio?"

Wakili wa Barasa anataka nitoe ushahidi kwamba alirudi mwenyewe kwa ahadi ya mume wangu. Upande wa mashtaka unadai alinaswa mafichoni. Zaidi ya senge, aliyesikia ahadi hiyo ni mimi tu, na wakili anasema neno la mama mzazi peke yake halitatosha. Mume wangu ameapa: "Siku utasimama kortini, usirudi kwa hii nyumba. Na watoto watabaki." Sioni kama anatania. Senge hapokei simu zangu. Ametuma mtu tu: "Aende aseme kule alichosema kwangu."

Kesi inasikilizwa wiki ijayo. Nikienda, nitavunja nyumba yangu na pengine nisilale tena na watoto wangu chini ya paa moja. Nikikaa, Barasa atafungwa kwa kuwa mama yake aliniamini.

Nyinyi mlioolewa na watu wa serikali, na nyinyi ambao ndugu zenu wameshikwa, nishaurini. Wa kunitukana pia mnaruhusiwa, lakini mnijibu kwanza: niende ama nikae?