Ukibonyeza Sifuri, Utampata Dada Yangu

Saa tatu asubuhi, sauti ya mwanamke inajaza chumba.

"Karibu. Umepiga simu hospitali. Kwa miadi ya daktari, bonyeza moja. Kwa majibu ya vipimo, bonyeza mbili. Kujua mgonjwa yuko wodi gani, bonyeza tatu. Kuongea na mhudumu, bonyeza sifuri."

Ni sauti tulivu, isiyo na haraka, ya mtu aliyezoea kusikilizwa na watu wenye hofu. Inatoka kwenye spika ndogo juu ya meza ya kijana mmoja mwembamba, mwenye macho mekundu ya kutazama kioo cha kompyuta. Mwenye sauti mwenyewe yuko jikoni, nyuma ya pazia, anasugua sufuria.

Kijana anakata simu, anapiga tena. Karibu. Umepiga simu hospitali. Anakata.

Kazi yake ni kuifundisha simu kuongea na watu. Mtaani wamembatiza jina la Bonyeza, na hakuna siku anapita dukani bila kutaniwa.

"Bonyeza, karibu," muuza duka humwambia. "Kwa sukari bonyeza moja, kwa sabuni bonyeza mbili. Kwa mkopo subiri kwenye laini mpaka nifunge duka."

Yeye hucheka. Leo hajatoka nje.

"Kuna kampuni kubwa zenye mitambo ya simu na meseji," anaeleza bila kugeuza uso. "Mimi sina mtambo, nakodi wa kwao. Naandika maelekezo tu. Simu ikiingia, sema hivi. Akibonyeza hiki, mpeleke pale. Akituma meseji, mjibu hivi. Mashine haina akili na wala haina kiburi. Inafanya nilichoandika, hata kama nilichoandika ni upuuzi."

Leo ana kazi moja: kufuta mstari mmoja. Hospitali imemwamuru uwe umefutwa kabla ya saa sita mchana, la sivyo mkataba wake unavunjwa. Nusu ya kipato cha nyumba hii hutoka kwenye mkataba huo. Nusu nyingine ni vibarua vya hapa na pale, kama meseji za kuwakumbusha wazazi ada ya shule, ambazo wazazi hawapendi kuzipokea na shule haipendi kuzilipia.

Mstari wenyewe ni mfupi. Ndani yake kuna namba ya simu ya dada yake.

Wazazi wao walifariki yeye akiwa bado anajifunza kufunga kamba za viatu. Dada ndiye aliyemlea, kwa mshahara wa opereta wa simu katika hospitali hiyo hiyo. Chumba chao cha kazi kilikuwa nyuma ya mapokezi. Hakikuwa na dirisha, kilikuwa na feni iliyozunguka ikilalamika, na maopereta wanne waliokaa wamepeana migongo kama watu waliogombana.

"Hatukuwa tumegombana hata kidogo," dada anasema kutoka jikoni. Ni maneno yake ya kwanza asubuhi hii. "Tulikuwa tunaogopa kutazamana. Mwenzako akikuona umelia na yeye analia, na simu zinaita."

Hospitali ilipotaka mfumo mpya wa simu, ni yeye aliyekwenda kwa wakubwa kumsemea mdogo wake. Aliwaambia anaye kijana nyumbani, kajifunza mwenyewe, hana cheti lakini ana kichwa. Wakamwita. Akapewa kazi.

Maneno ya mashine yalirekodiwa humu humu chumbani, blanketi limetundikwa dirishani kuzuia kelele za mtaa. Kijana alitaka sauti ambayo watu wameizoea. Akamwomba dada asome. Dada akasoma yote kwa mkupuo mmoja, hakujikwaa popote.

Maopereta waliambiwa mashine imekuja kuwapunguzia mzigo. Miezi michache baadaye mzigo ukapungua wote. Waliitwa wanne kwa pamoja, wakapewa asante, na chumba kikageuzwa stoo ya mashuka.

"Sauti yangu ilibaki kazini," dada anasema. "Mimi nikarudi nyumbani." Anacheka kidogo.

Kosa la kijana ni kosa ambalo wenzake wa kazi hii wanalijua vizuri. Mfumo wa simu hauwezi kujaribiwa bila simu ya kweli upande wa pili. Mwandika programu huweka namba ya mtu wa karibu, mtu asiyekasirika akipigiwa mara ishirini kwa siku. Kazi ikiisha, huifuta.

Yeye alikuwa ameandika kwamba anayebonyeza sifuri aunganishwe na chumba cha maopereta, na chumba kisipopokea, simu iende kwenye namba ya akiba. Ya akiba ilikuwa ya dada. Majaribio yalikwenda vizuri na mfumo ukafunguliwa kwa shangwe. Namba haikufutwa, na hakuna aliyegundua kwa sababu maopereta walikuwa wakipokea.

Kisha chumba kikawa stoo, na simu ya mezani ikawa inalilia mashuka.

Wa kwanza kumwangukia dada alikuwa mwanaume aliyemtafuta mkewe aliyeletwa kujifungua. Hakuwa na namba ya kadi, na ukibonyeza tatu mashine inataka namba ya kadi. Akabonyeza sifuri. Dada alidhani amekosea namba. Alipopiga wa pili, halafu wa tatu, akaelewa.

"Nikajua mdogo wangu kanisahau humo ndani," anasema. "Nikanyamaza."

"Kwa nini hukuniambia?" kijana anamuuliza. Si mara ya kwanza kumuuliza, inaonekana kwa jinsi anavyojibiwa.

"Ningekuambia ungerekebisha."

Kijana aligundua mwenyewe, alipotoka chumbani asubuhi moja kutafuta chai na kumkuta dada amekaa kwenye kigoda cha jikoni, mgongo umenyooka, mikono imekaushwa, akisema kwa sauti ile ya zamani: "Hospitali, habari za asubuhi." Alisimama mlangoni mpaka simu ikaisha. Dada hakugeuka. Alimwambia tu, "Chai iko kwenye chupa."

Na yeye akanyamaza. Kijana huyu, ambaye huwezi kumwambia kazi yake ina doa akakuacha salama, aliliacha kosa lake likae mwaka mzima. Kila alipofungua programu aliliona, na kila mara alilipita kama mtu anavyompita mgonjwa aliyelala.

Kilichowafichua ni shukrani. Mama mmoja ambaye mwanawe alipona alikwenda hospitali na zawadi ya kitenge, akaomba kuonana na "yule mama wa sifuri". Mapokezi wakamwambia hakuna mtu kama huyo. Akabisha. Akasema ameongea naye zaidi ya mara moja, ndiye aliyemwelekeza mlango, ndiye aliyemwambia alale kidogo. Akakaa kwenye benchi na kitenge chake, akagoma kuondoka. Mwisho aliitwa mkuu wa mawasiliano.

Mkuu alimpigia kijana simu siku hiyo hiyo.

"Kuna mtu anajibu simu zetu."

"Ndiyo, mkuu."

"Nani?"

"Opereta."

"Hatuna opereta."

"Ndiyo sababu, mkuu."

Mkuu hakucheka. Alimweleza kwamba mwanamke huyo si mfanyakazi wao, hana kiapo cha kutunza siri, na anaulizia habari za wagonjwa kwa manesi anaofahamiana nao. Siku akimpa mtu habari isiyo sahihi, nani atabeba lawama?

"Kwa hilo alikuwa na haki, na ndiyo inayoniuma," kijana anasema sasa. "Angekuwa mjinga ningepigana naye. Nikamwomba wamwajiri basi, hata kwa nusu siku. Akaniambia nafasi hiyo haipo tena."

Dada ametoka jikoni, amejiegemeza ukutani. "Na kitenge?" anauliza.

"Sikuuliza habari ya kitenge, dada."

"Ungeuliza."

Inakaribia saa tano simu ya dada inapoita. Iko kwenye rafu, kando ya kopo la chumvi. Wote wawili wanaitazama. Dada anajifuta mikono, anakaa kwenye kigoda, anaiweka kwenye spika kama alivyozoea.

"Hospitali, habari za asubuhi."

Inasikika sauti ya mzee, kavu, ya kuogopa kuvunja kitu.

"Wewe ni mtu, au ni ile inayosema bonyeza?"

"Ni mtu, baba. Sema."

"Maana sauti ni ile ile."

"Tunafanana tu. Sema, baba."

"Sibonyezi tena?"

"Hubonyezi tena."

Mzee anaeleza. Mkewe amelazwa tangu juzi. Asubuhi binti yao amempelekea chai, kitandani akamkuta mtu mwingine. Getini wakamwambia wapige simu. "Chai imerudi kwenye chupa kama ilivyokwenda," anasema. "Nimebonyeza hapa mpaka kidole kimechoka."

Dada anauliza jina la mgonjwa, anamwomba asikate. Anachukua simu ya mdogo wake mezani na kumpigia nesi wa wodi, rafiki wa miaka mingi. Anaongea akiwa amegeukia ukuta. "Ee. Yule wa kona? Saa ngapi?" Halafu, baada ya muda: "Haya, mwaya. Asante."

Kijana ameondoa vidole kwenye kompyuta.

"Baba, bado upo?"

"Nipo."

"Hapo uko na nani?"

"Na binti yetu."

"Vizuri. Njooni wote wawili. Usije peke yako. Msisimame foleni ya getini, piteni mlango wa upande wa dawa, mwulizieni nesi wa zamu. Anajua mnakuja."

Mzee anafikiri. Inasikika anavyofikiri.

"Nije na hii chai?"

"Hapana, baba. Chai iache."

Nje kuna mtu anapita akiburuta mkokoteni. Unapita, unakwisha.

"Nimekuelewa, binti yangu," mzee anasema. "Asante kwa kuniambia."

"Sijakuambia kitu, baba."

"Ndiyo. Asante."

Dada anarudisha simu kando ya chumvi. Anakaa na mikono mapajani. "Kusema amekufa ni kazi ya daktari," anasema bila kuulizwa. "Yangu ni asije peke yake."

Kijana anatazama saa kwenye kona ya kioo. Anasema muda bado upo.

"Futa," dada anamwambia.

"Nasema bado kuna muda."

"Futa, mdogo wangu. Mwenye nyumba anataka kodi, hapokei huruma."

Anafuta. Hakuna kinachotokea, hakuna mlio, hakuna taa. Tarakimu zinaondoka moja baada ya nyingine na mahali pake panabaki pamesafika. Programu sasa haina kosa hata moja. Kwa muda wote ambao ameifanya kazi hii, anasema baadaye, hajawahi kuandika kitu sahihi akakionea aibu namna hii.

Kanuni ya kazi yake inamtaka ajaribu. Anapiga hospitali, anabonyeza sifuri, anasubiri. Stoo ya mashuka haipokei. Ndipo sauti ya dada inapojaza tena chumba, tulivu, isiyo na haraka:

"Samahani. Wahudumu wetu wote wanawahudumia wengine kwa sasa. Tafadhali piga tena baadaye."

Laini inakatika.

"Wahudumu gani?" dada anauliza.

Kijana anazima spika.

"Ulinipa uongo nikausoma vizuri," dada anasema, na anarudi jikoni.

Kijana hajakata tamaa kabisa, anasema, ingawa anavyolisema neno hilo ni kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka. Mpango wake ni kuomba. Kila siku ataiandikia hospitali: kiti kimoja, simu moja, mtu mmoja wa kukaa kwenye sifuri. Si lazima awe dada, mradi awe mtu. Mkuu wa mawasiliano ameacha kupokea simu zake, kwa hiyo ataandika kupitia namba ya meseji ya hospitali, kama mwananchi yeyote.

Anaandika ya kwanza papo hapo. Anaifuta, anaiandika upya kwa adabu zaidi, anaituma.

Jibu linaingia kabla hajaweka simu chini. "Asante kwa kuwasiliana nasi. Ujumbe wako ni muhimu sana kwetu. Mhudumu atakujibu hivi punde."

Dada amechungulia kwenye pazia. "Wamejibu upesi."

"Ni mimi huyo, dada. Hayo maneno niliyaandika mimi."

"Na huyo mhudumu?"

Meseji za namna hiyo zinakwenda kwenye kisanduku kilichokuwa kikisomwa na maopereta, zamu kwa zamu. Yeye ndiye aliyeandika ziende huko. Tangu wafukuzwe hakuna aliyekifungua.

"Kesho nitatuma tena," anasema.

Dada anaichomeka simu yake kwenye chaji. Anapandisha mlio mpaka mwisho, anairudisha kwenye rafu, kisha anaokota sufuria ile ile na kuanza kuisugua tena, polepole, bila kupiga kelele, asije akakosa kuisikia ikiita.