Kokuhirwa Aligoma Kuuza Maua

Siku hizi utajiri hauna harufu. Zamani ukiikaribia nyumba ya mwenye mali, ng'ombe ndio waliokuambia kwanza. Leo jirani yangu Kokuhirwa, mjane wa hapa Kishanda, ana mali isiyo na mkia, isiyokula majani, ambayo huwezi hata kuiegemea ukichoka. Imo ndani ya simu, pamoja na picha za harusi.

Kokuhirwa anauza gulioni dagaa wa kutoka kisiwa cha Bumbire. Kwa miaka mingi kahawa ya kibanja chake haikuwa yake. Ada ya shule ya kitinda mimba wake ikidaiwa, mchuuzi Kahangwa alifika na fedha mkononi, akainunua ingali maua. Sisi tunaita butura: leo unauza maua kwa bei ya machozi, kesho unatazama mavuno yakipita juu ya pikipiki ya mwenzako. Desturi nzuri zimekufa zote. Hiyo ndiyo iliyobaki na afya.

Krismasi moja alikuja binti yake mkubwa, Dativa, mwalimu anayeishi Kagondo, kule Bukoba.

"Mama, nunua vipande vya mfuko wa pamoja. Watu wengi wanaweka fedha zao, wataalamu wanaziwekeza, kila mtu ana sehemu yake. Unaanza hata na bei ya kuku."

"Na hao wataalamu wanakula kiasi gani?" akauliza Kokuhirwa, ambaye anawajua watu.

"Kidogo sana. Soma makato kabla ya kuingia."

"Mwezi ujao zitakuwa mara mbili?"

"Mtu akikuahidi hivyo, mkimbie! Hizi zinapanda polepole, na siku nyingine zinashuka. Fedha ya chakula usiipeleke huko."

Nilikuwa nimekaa hapo natafuna akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, ambayo vijana sasa wameiachia panya. Nikasema, "Nunua mbuzi. Mbuzi unamwona."

"Tata Josia, mbuzi wako nimemwona. Alikuwa ndani ya maharage yangu," akasema Kokuhirwa, ambaye huniita tata, yaani baba, kwa heshima.

Tangu hapo, kila siku ya gulio, kabla hajakunja turubai la dagaa, alituma chochote kwenye mfuko. Siku mbaya alituma kidogo, lakini alituma. Wenzake waliposhona sare za harusi, yeye alivaa gauni la zamani. Mimi niliwatangazia wanywa rubisi wote kwamba fedha za mama huyu zimeshaliwa.

Kahawa ikachanua tena, ada ikadaiwa, Kahangwa akaja. Sisi majirani, ambao kila mwaka tunauza baada ya Kokuhirwa na kwa bei yake, tulijibanza nyuma ya migomba kusikiliza. Alimkaribisha vizuri, akampa akamwani.

"Bei ya mwaka jana, Mama Dativa."

"Mwaka jana nilikuwa na shida."

Kahangwa akaongeza. Kokuhirwa naye akamwongezea akamwani.

"Lakini maua ya mwaka huu umeyanusa?"

Akanusa. Akaongeza tena.

"Hata mashina ya kule bondeni hujayatazama, mzee wangu."

Akayatazama, akarudi anahema, akaongeza. "Hapo ndio mwisho wangu! Mungu ananiona!"

"Na majirani wanakusikia," akasema Kokuhirwa kwa sauti kubwa. "Asante kwa kutujulisha. Siuzi. Nimeuza vipande vichache, ada imelipwa juzi."

Kahangwa alitoka akiwa amesahau kofia. Njiani alimkuta jirani yetu Joackim, mwenye shida zake, anamsubiri huku anatabasamu.

"Kwangu, mzee, tuanzie hapo ulipoishia."

Nyumba zote alizopita siku hiyo zilimwambia hivyo hivyo.

Kahawa ilipoiva, Kokuhirwa aliichuma mwenyewe, akaianika uani, akasubiri kuipeleka chama cha ushirika. Nilipita pale. Uwanja mzima ulinukia kama enzi za baba yangu, nikasimama muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

"Sehemu ya hii nitanunulia vipande tena," akasema.

Nikamwambia ni upuuzi. Kisha nikamuuliza, kwa ajili ya ubishi tu, kama bei ya mbuzi inatosha kuanzia.

"Inatosha, Tata Josia. Muuze yule yule."