Akisa, Ambaye Hatujui Alipo

Utasema nilikuwa na njaa, au jua lilinipiga kichwani. Sema utakavyo. Mimi niliushika mkono wa yule mzee, na ulikuwa na joto kama wako wewe unayenisikiliza.

Ilikuwa miaka ya sabini, nami nauza dukani Busia, karibu na pale malori yanapongojea kuvuka. Mwenye duka alikuwa ananunua magazeti ya zamani kwa furushi, ya kufungia sukari na dagaa wa omena. Wenzangu walitazama picha za mpira. Mimi nilisoma matangazo ya vifo. Unajua kwa nini? Kwa sababu tanzia hutaja ukoo mzima: marehemu alikuwa mtoto wa fulani, baba ya fulani, shemeji ya fulani. Mimi sikuwa na fulani hata mmoja. Nililelewa Busibwabo na Mama Nabwire, mkulima wa muhogo, Mluhya, ambaye sikuwa na undugu naye wowote. Yeye aliniambia mama yangu aliitwa Paulina Akisa, Mteso wa pande za Malaba, na kwamba alikufa nikiwa bado wa kubebwa mgongoni. Basi. Nikiuliza zaidi, alikuwa anakumbuka kazi shambani.

Kwa hiyo nilisoma, gazeti baada ya gazeti, hadi mwenye duka akaanza kunicheka. Halafu siku moja, namfungia turnboy mmoja wa lori omena zake, nikaona. Mzee Ekirapa wa Amukura, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, ameaga dunia. Ameacha watoto: Amoit, na Paulina Akisa, ambaye hatujui alipo.

"Sister, vipi?" turnboy akaniuliza. "Kuna kitu kwa hiyo gazeti?"

Nilimpa omena zake mkononi, bila karatasi. Gazeti lenyewe lilikuwa la miaka mingi nyuma. Babu yangu nimemjua siku hiyo, naye ameshazikwa zamani.

Jumapili iliyofuata nilipanda gari la kwenda Malaba, nikashukia njia panda ya Amukura. Alasiri, jua kali, njia ya mchanga imekatiza kwenye mashamba ya pamba. Hapo kando alisimama mzee aliyevaa koti la kaki.

"Yoga," akanisalimia. Kiteso sikukijua, akaona, akageukia Kiswahili. "Akisa, umechelewa."

"Mimi si Akisa, mzee. Akisa ni mamangu."

Akanitazama sana, halafu akacheka. "Basi wewe ni mjukuu wangu! Twende nyumbani. Mamako anakuja nyuma?"

Nikadhani ni ndugu ya marehemu. Kwetu si ndugu ya babu pia ni babu? Akanishika mkono kwa mkono wake wa kushoto, nikahisi vidole viwili havipo. Tukatembea. Akaanza kunitajia ukoo: baba yake, baba wa baba yake, aliyetoka ng'ambo ya mpaka na ng'ombe zake, aliyechimba kisima. Kila jina alisema, "Rudia," nami nikarudia. Niamini, sijawahi kuonja kitu kitamu kama majina yale. Nilikuwa natembea polepole makusudi, njia isiishe.

Akauliza tena. "Na mamako?"

"Mzee, mama alikufa. Mimi nikiwa mdogo."

Akasimama. "Nani alikwambia?"

"Mama aliyenilea."

Akatikisa kichwa. "Hapana. Huku nilipo sijamwona. Mamangu yuko, ndugu zangu wako, hata wale watoto walioenda na surua wako. Akisa hayuko. Kila mtu nauliza."

Nilidhani ni maneno ya uzee, tukaendelea kutembea. Tulipofika kwenye ua wa boma moja akaniachia mkono. "Ingia. Mimi naishia hapa." Niligeuka nimshukuru. Hakukuwa na mtu. Pamba ile haikunifika hata magotini, sasa angejificha wapi?

Ndani nilimkuta mama mmoja anapepeta wimbi. Ndiye Amoit, dada ya mama yangu. Nilipojitaja alipiga yowe, akanikumbatia hadi nikakosa pumzi. Nikamwambia nimeletwa na ndugu ya babu, yule asiye na vidole viwili mkono wa kushoto.

Ungo ulimtoka, wimbi ukamwagika wote.

"Baba hakuacha ndugu aliye hai," akasema. "Na hivyo vidole vilikatwa na behewa."

Akanipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha kaburi. Majirani walikuja, wakaomba, wakalia. Mimi nilikuwa na neno lingine kifuani. Akisa hayuko.

Kesho yake nilikuwa Busibwabo. "Mama, nionyeshe kaburi la mamangu."

Mama Nabwire aliketi chini palepale, jembe mapajani. "Hakuna kaburi, mwanangu. Alikuacha kwangu, akavuka Uganda kutafuta kazi, akasema atarudi tukishavuna. Hakurudi. Wewe kila jioni unalia, unatazama barabara, huli. Nikaona heri nikwambie amekufa, upate kulala."

Ningemlaumu vipi? Mgongo nilioujua ulikuwa wake. Tuliketi pale hadi kuku wakaingia ndani.

Nami nikatoa tangazo gazetini: Paulina Akisa, binti ya Mzee Ekirapa, anatafutwa na mtoto wake. Nililitoa tena na tena. Wakati ule watu walikuwa wanakimbia kutoka ng'ambo, Uganda, na kila mwanamke aliyevuka na mzigo kichwani nilimuuliza jina. Wengine walinionea huruma, wengine waliniona nimechanganyikiwa. Hakuna aliyejibu ndiyo.

Sasa mimi mwenyewe ni nyanya. Kwa Amoit nilikuwa naenda mara kwa mara, na hadi leo naenda, ingawa naye ameshatangulia. Napita njia ile ya pamba kwa miguu. Natamani yule mzee anishike mkono tena. Pia naogopa. Kwa umri wa mamangu sasa, ataniletea habari gani, kama si kwamba mama amefika kwake?

Nawe unayetafuta ukoo wako kwenye magazeti ya zamani, nakuonya: wale waliotajwa humo nao wanatafuta watu wao. Ukishuka njia panda ya Amukura, ukakutana na mzee wa koti la kaki akakuuliza habari za binti yake, tafadhali, usimwambie amekufa. Mwambie bado tunamngojea.