Mkwe Aliyeuliza Habari za Achari

Mie shule niliiacha darasa la tatu, lakini nyumba hii ya Mbagala nimeisimamisha kwa achari ya embe mbichi. Kwa hiyo mtu akija kuposa kwangu, kwanza natazama macho yake yanaelekea wapi. Huyu aliyekuja kumtaka binti yangu, yalielekea kwenye sahani ya achari.

Alikuwa mwalimu wa chuo, kazi yake kuchunguza mimea. Akatafuna kipande, akatulia kama anakisikiliza.

"Mama, achari yako hailegei. Unayaloweka maembe kwenye nini?"

"Kwenye maji."

"Ya chokaa?"

Chokaa ya tambuu ndiyo siri yangu, nayalowekea uani mlango nimeubana. Tunaojua ni mimi na binti yangu tu. Nikamgeukia binti pale mezani.

"Umemwambia?"

"Haki ya Mungu, mama, sijasema! Huyu ndivyo alivyo, hata chai anaichunguza."

"Basi kaja kuoa achari."

Hakucheka. Akaeleza kwamba embe limejengwa kwa vijumba vidogo visivyoonekana, na kuta zake zimeshikwa na gundi. Gundi yenyewe ni minyororo mirefu ya aina ya sukari. Mahali pengine imenyooka, pengine imeota matawi kama manyoya.

"Palipolala minyororo miwili iliyonyooka, chokaa inaingia katikati, mama. Kama mayai kati ya trei mbili. Trei haziachani."

Maneno matamu. Hata matapeli wanayo. Nikamtega.

"Na embe lililoiva, nikililoweka?"

"Limeshachelewa. Likiiva linaikata gundi yake lenyewe. Minyororo imebaki vipande, chokaa itashika nini?"

Niliwahi kuharibu kapu zima la maembe mabivu nikijaribu, nikayafukia kabla binti hajarudi. Hilo hakuna mtu aliyeweza kumwambia. Kijana hakuniibia siri, alikuwa anajua mwenyewe.

Hapo ndipo alipozidi kunitisha. Mtu kama huyu ukimfukuza, kesho anaposa kwa yule muuza achari mwenzangu wa Mtoni, na anayajua yote. Binti alinikazia macho, kitambaa cha meza amekikunja mkononi.

"Waambie wazee wako waje," nikasema.

Binti akapiga kigelegele. Mkwe akashukuru, akanyoosha mkono kuchukua kipande kingine. Nikaivuta sahani upande wangu.